Kansa ya titi wakati una silikoni: namna ya kwenda nayo ukiwa Dodoma

Hii naiandika kwa ajili ya dada ambaye ameshika kitu kigumu kwenye titi, na titi lenyewe lina silikoni ndani, yaani kile kifuko cha kuongezea titi, na hakuna anayejua zaidi ya yeye na hospitali iliyomuwekea. Mko wengi kuliko mnavyodhani. Tangu serikali ihamie Dodoma mji umejaa watu wa kila aina, kuna wa wizarani, kuna wenye maduka Majengo, kuna wanaosoma UDOM, na wapo walioongeza matiti, wengine Uturuki, wengine India, wengine hapahapa nchini, nyumbani wakaaga wanaenda semina. Hilo sihukumu hata kidogo, mwili ni wako. Ninachoogopa mimi ni kimoja, kwamba siku ugonjwa ukiingia mtu ile siri anaibeba mpaka kwenye chumba cha daktari, anapimwa, anapigwa picha, anachomwa sindano, na aliyeshika sindano hajui mle ndani kuna nini.

Kwa hiyo ukisahau mengine yote shika hili, sema una silikoni. Sema kila chumba, kila hospitali utakayopelekwa, hata kama unahisi wameshaambiwa.

Kabla hujatoka nyumbani

Silikoni haijakuletea hiyo kansa. Kansa ya kawaida ya titi, ile inayoanzia kwenye mirija ya maziwa, imefuatiliwa miaka mingi kwa wanawake walioweka silikoni na haijaonekana kwamba wanaipata zaidi ya wenzao. Asije mtu akakwambia umejitakia, awe mama mkwe au mchungaji. Kuna kansa moja adimu sana ambayo kweli inahusiana na silikoni za aina fulani, hiyo ni limfoma, kansa ya chembe za kinga, na sio kansa ya titi lenyewe, nitaifikia huko mbele, usiichanganye na hii.

Halafu inatibika kama ya mwanamke mwingine yeyote. Kemo, yaani zile dawa za dripu za kuua kansa, ni ileile, vidonge ni vilevile, mionzi inapita vizuri tu hata kama silikoni ipo. Kinachobadilika ni namna ya kupiga picha, namna ya kuchoma sindano na maamuzi ya siku ya upasuaji, na hapo ndo unatakiwa uwe na taarifa zako mkononi.

Tafuta kadi. Ulipowekewa ulipewa kadi ndogo, mara nyingi ina stika, imeandikwa kampuni, namba ya siriali, ujazo kwa cc, na kama ganda lake ni laini au lina mikwaruzo. Ukiipata ipige picha mbele na nyuma uiweke kwenye simu. Kama hukumbuki iko wapi waandikie waliokuwekea leo hiihii, wasapu au imeili, wakutumie ripoti ya upasuaji wako, na waulize ndani imejazwa silikoni au maji ya chumvi, iko juu ya msuli wa kifua au chini yake, na walipitishia wapi, chini ya titi, kwenye duara la chuchu au kwapani. Hilo la msuli ndo swali utakaloulizwa na kila daktari mpaka uchoke, kwa sababu linaamua picha itaonyesha kiasi gani na mpasuaji atakutana na nini. Na kama kadi yako imeandikwa PIP, zile za Ufaransa zilizoondolewa sokoni mwaka 2010 baada ya kugundulika zimejazwa silikoni ya viwandani, mwambie daktari siku ya kwanza kabisa maana hizo zinapasuka kirahisi.

Kama kadi haipatikani na waliokuwekea hawajibu, usisubiri. Nenda hivohivo, altrasaundi itaonyesha mengi.

Namna ya kulisema

Unaweza kuanzia kituo cha afya cha jirani wakakupa rufaa, au ukaenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, au Benjamin Mkapa kule UDOM. Najua kinachowakwamisha wengi ni pale mapokezi, foleni imejaa na nyuma yako pengine yupo jirani yako wa Nkuhungu na masikio yake yote. Pale dirishani hulazimiki kueleza, sema tu una uvimbe kwenye titi unataka kumuona daktari wa upasuaji, basi. Ukishaingia ndani na mlango umefungwa ndo unasema, na sema kabla hajaanza kukushika, "Dokta, nimeongeza matiti, nina silikoni pande zote mbili tangu mwaka fulani, ziko chini ya msuli, kadi hii hapa, naomba iandikwe kwenye faili." Hilo la kuandikwa lisisitize, maana daktari unayemuona leo siye utakayemkuta wiki ijayo, na ile karatasi ya kwenda kupiga picha isipokuwa na neno silikoni yule wa kule chumba cha picha hana namna ya kujua. Na usiseme "nina vipandikizi" ukaishia hapo, nesi ataandika vijiti vya uzazi wa mpango na mambo yataenda upande mwingine kabisa.

Hayo unayomwambia daktari ni siri yako. Hata mumeo hatakiwi kuambiwa kama hujaruhusu. Ikitokea mhudumu anacheka au anataka kuita wenzake waje waone, una haki ya kufunga nguo yako na kumuomba mkuu wa kitengo, na fanya hivyo bila kuona haya.

Picha

Hapa naomba nikae kidogo maana ndipo watu wanapopotezwa.

Kuna dada nilimsindikiza hospitali moja, ana uvimbe unaoshikika kabisa kwa kidole upande wa nje wa titi, yeye alikuwa hajasema na karatasi haikusema, wakampiga mamogramu ya kawaida, ile eksirei ya titi, ripoti ikatoka hakuna kitu. Akafurahi, akakaa nyumbani. Miezi ikapita uvimbe unakua, akarudi sehemu nyingine akasema kila kitu, altrasaundi ikauona dakika ileile. Silikoni kwenye mamogramu inatoka nyeupe tupu, ni kama umeweka sahani juu ya gazeti, maandishi ya chini yapo ila huyasomi. Kwa hiyo picha ikisema hamna na mkono unasema kipo, mkono usidharauliwe. Rudi, dai altrasaundi, dai kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kitolewe kipimwe.

Mamogramu ya mwenye silikoni inapigwa tofauti. Yule mtaalamu anakusogeza kwenye mashine, anashika titi kwa vidole, silikoni anaisukuma nyuma kuelekea kifuani, halafu nyama ya titi yenyewe anaivuta mbele taratibu mpaka ilale peke yake pale kwenye kibao, ndo anashusha kibao cha juu kinabana. Utaona anahangaika kidogo, anarudia, anakuomba ulegeze bega, hiyo ni dalili anajua anachofanya. Picha za kawaida ni nne, mbili kila titi, mwenye silikoni anapigwa nane, nne za kawaida na nne za kusukuma. Inauma sekunde chache. Kupasuka kwa silikoni kwa sababu ya kubanwa kunatokea mara chache sana na sio sababu ya kukataa kipimo. Kama silikoni yako iko juu ya msuli, au titi limeshakuwa gumu, kusukuma kunakuwa kazi na picha inaficha zaidi, hapo altrasaundi na MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, vinabeba mzigo. Muulize mpiga picha kabla hajaanza, "sista, utanipiga na zile za kusukuma silikoni?" Akionekana haelewi, mwambie kwa upole amuulize mkubwa wake au mrudi kwa daktari, bora upoteze siku hiyo.

MRI inaona vizuri nyama na inaona pia kama silikoni imepasuka. Silikoni ya kawaida haina shida na sumaku ya MRI, ila kama umewekwa kile kifuko cha kutanulia ngozi ambacho kinajazwa maji kidogokidogo, vingi vina sumaku ndani kwenye kitundu cha kujazia, hicho usiingie nacho MRI bila kukisema.

Na sio kila unachokishika ni kansa. Ukingo wa silikoni, mkunjo wake, au silikoni iliyovuja ikajikusanya pembeni, vyote vinaweza kushikika kama uvimbe. Ikivuja inaweza hata kwenda kukaa kwenye tezi za kwapani zikavimba, mtu akaambiwa kansa imesambaa kumbe ni silikoni. Jibu la yote hayo ni moja tu, kinyama kitolewe kipimwe.

Kinyama

Kinyama kinatolewa kwa sindano nene yenye kukata, ukiwa umechomwa ganzi, na kwa mwenye silikoni inatakiwa daktari awe anaangalia kwenye altrasaundi muda wote, sindano inapita imelala, sambamba na silikoni, isielekee kule ilipo. Akitaka kuchoma kwa kupapasa tu, mkumbushe kwamba kuna silikoni na umuulize kama inawezekana kwa altrasaundi. Na usikubali mtu akate uvimbe wote kwanza kabla ya kinyama "ili tuone ni nini", labda kuwe na sababu anayoweza kukueleza ukaielewa, kwa sababu ukishakatwa bila mpango upasuaji wa pili unakuwa mgumu na silikoni inaweza kuwa imeshaguswa.

Majibu ya patholojia, yaani maabara inayopima kinyama, yakija yasiseme tu ni kansa au sio. Yanatakiwa yaseme ni aina gani, ni kali kiasi gani, na yale matatu, kama kansa ina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, na kama ina protini ya HER2 kwa wingi. Hayo matatu ndo yanaamua dawa. Kama hayapo uliza yanapimwa wapi, na uliza kuhusu kile kibonge cha nta chenye kinyama chako ambacho maabara wanabaki nacho, maana kikihitajika Dar hicho ndo kinachosafirishwa, huna haja ya kuchomwa tena. Nakala ya majibu kaa nayo mwenyewe, moja kwenye faili lako moja kwenye simu.

Upasuaji, na swali la silikoni ikae au itoke

Kuna njia mbili kubwa. Kutoa uvimbe pamoja na nyama nzima kidogo ya pembeni na kuacha titi, halafu mionzi baadaye. Au kutoa titi lote. Kwa kansa iliyowahiwa, njia ya kwanza pamoja na mionzi inakupa maisha sawa na ya pili, hilo limepimwa miaka na miaka, kwa hiyo usidhani kutolewa titi lote ndo kupona zaidi. Kuwa na silikoni pekee hakukunyimi njia ya kwanza. Ila kuna mambo. Wengi mlioongeza mlikuwa na titi dogo, ndo maana mkaongeza, sasa daktari akitoa uvimbe na pembeni yake nyama inayobaki juu ya silikoni inakuwa kidogo sana, titi linabonyea, na mionzi ikija inaweza kulikaza. Wengine baada ya kuelezwa hivyo wanachagua kutoa titi lote, wengine wanachagua kutoa uvimbe na silikoni kwa pamoja wakabaki na titi lao dogo la mwanzo, na wengine wanaacha vyote wanasema tutaona. Zote ni njia halali.

Silikoni iliyo chini ya msuli, mbali na uvimbe, mara nyingi inaweza kuachwa. Iliyo juu ya msuli imegusana moja kwa moja na nyama ya titi, na titi lote likitolewa kwa kawaida nayo inatoka. Uvimbe ukiwa umegusa lile gamba ambalo mwili umelijenga kuzunguka silikoni, hapo gamba linatoka pamoja na uvimbe na silikoni nayo inaondoka, usibembeleze ibaki. Na chochote kilichotolewa, gamba, maji yaliyokutwa, vyote viende patholojia, liseme hilo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Mimi mtazamo wangu, na huu ni wa kwangu, kama silikoni yako ina miaka mingi na unajua utapigwa mionzi upande ule, zungumza na daktari kwa uzito kuhusu kuitoa kwenye upasuaji huohuo. Kurudi mezani mara ya pili kwa sababu titi limekuwa jiwe na linauma, kwenye ngozi ambayo imeshapigwa mionzi na inapona polepole, ni mateso ambayo unaweza kuyaepuka. Lakini kama titi ni sehemu ya wewe ulivyo na hutaki kuamka bila hilo, sema hivyo, daktari mzuri atapanga na wewe.

Tezi za kwapani zinatakiwa ziangaliwe. Kama hazijavimba, sehemu zenye vifaa wanachoma rangi au dawa maalumu karibu na titi, wanaona tezi ya kwanza inayopokea, wanaitoa hiyo au chache tu badala ya kuzisomba zote, mkono wako unakuwa salama zaidi na uvimbe wa maji. Silikoni haizuii hicho kipimo, lakini kama kovu lako la kuwekea liko kwapani liseme, njia za maji ya mwili pale zinaweza kuwa zimevurugika.

Uliza pia nani atasaidia upande wa kutengeneza titi. Mabingwa wa upasuaji rekebishi wako wachache nchini, Muhimbili na Mloganzila ndo watu wengi wanapoelekezwa, na daktari wako wa Dodoma anaweza kuwapigia kabla ya tarehe yako. Ila sikia, usiahirishe kutoa kansa miezi na miezi eti unasubiri wa kutengeneza titi. Kutengeneza kunaweza kufanyika hata mwaka baadaye, kwa silikoni mpya au kwa nyama yako mwenyewe ya tumboni au mgongoni, na kwa aliyepigwa mionzi nyama yake mwenyewe huwa inakaa vizuri kuliko silikoni.

Kama unavuta sigara au shisha acha wiki kadhaa kabla, kidonda cha mvutaji kwenye ngozi nyembamba kinaweza kuoza. Baada ya upasuaji utatoka na mrija unaotoa maji, pima kila siku yanatoka kiasi gani uandike, na mazoezi ya mkono anza siku watakayokwambia, hata kama shangazi anasema usinyanyue mkono kabisa.

Mionzi

Kabla ya yote muulize daktari wa Dodoma mionzi utapigiwa wapi, uliza siku unayopewa mpango wa matibabu, sio siku unayomaliza kemo. Watu wengi wanaelekezwa hospitali ya kansa ya Ocean Road Dar, wengine hospitali ya Bugando Mwanza, na foleni ipo. Kwa kawaida ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tatu mpaka tano, dakika chache kwa siku. Treni ya SGR imeturahisishia sana watu wa Dodoma, chini ya masaa manne uko Dar, lakini sio ya kwenda na kurudi kila siku, panga kukaa. Na ukitafuta ndugu wa kufikia, usifikie Chanika wala Kibaha kwa sababu tu nyumba ni kubwa, utaishia kuamka saa kumi usiku. Ukiwa Magomeni au mtu yeyote aliye karibu na barabara ya mwendokasi ya Kimara kwenda Kivukoni, unashuka mwisho unachukua bajaji.

Siku ya kwanza hupigwi, wanakupima kwa CT wanakuchora alama kwenye ngozi. Hapo sema tena una silikoni, upande gani, na kama ni kile kifuko cha kujazwa maji sema kimejazwa lini mara ya mwisho, kwa sababu mahesabu yanafanywa kwa umbo la titi la siku ile. Ukishapimwa usiende kujazwa wala kupunguzwa mpaka mionzi iishe, umbo likibadilika mahesabu yote hayafai. Kama ni titi la kushoto uliza wanalindaje moyo.

Silikoni haiyeyuki na hailipuki, niliwahi kusikia mtu anaambiwa hivyo na alikuwa analia. Shida ya kweli ni lile gamba. Mionzi inaweza kulifanya linywee na kuibana silikoni, titi linakuwa gumu, linapanda juu, linauma, na hii inaweza kuanza miezi au miaka baadaye. Haimpati kila mtu. Ikianza rudi kwa mpasuaji, kuna cha kufanya.

Ngozi itakuwa nyeusi, itawasha, inaweza kuchubuka chini ya titi. Paka wanachokupa wao tu, mafuta ya maji, sijui manjano, sijui asali ya Manyoni, weka pembeni kwanza. Vaa pamba, sidiria ya waya achana nayo, na jua letu la Dodoma na ule upepo wa vumbi jifunike kanga.

Kemo na vidonge

Kwenye kemo silikoni inakaa tu, haina neno. Cha kuangalia ni kinga kushuka. Wiki ya kwanza na ya pili baada ya dripu chembe nyeupe zinashuka, na kitu chochote cha kigeni ndani ya mwili kikipata bakteria wakati huo kinasumbua. Nunua kipimajoto famasi, kaa nacho. Joto likifika 38 nenda hospitali usiku huohuo ukaseme niko kwenye kemo na nina silikoni, usiende duka la dawa kununua ya malaria ukalala, nasema hili kwa msisitizo wote maana huku kwetu homa ikija tu mtu anameza mseto. Titi likiwa jekundu, la moto, limevimba upande mmoja, nalo ni la usiku huohuo.

Kula. Ugali wa uwele na mlenda ukipita vizuri ule huo, nyama ukipata, matunda yaoshwe vizuri hata zabibu za hapa barabarani.

Kama majibu yalisema estrojeni ipo utapewa vidonge, tamoksifeni au vya kundi lingine ukiwa umeshakoma hedhi, na vinaliwa miaka mitano, wengine kumi. Hapo ndo wengi wanaachia njiani kwa sababu wameshapona machoni. Usiache. Tamoksifeni usishike nayo mimba, ukitokwa damu ovyo ukeni au mguu mmoja ukavimba ukauma sema haraka. Na uzazi wa mpango wa homoni, yaani sindano, kijiti, vidonge, vitolewe vyote, uliza kitanzi cha kopa. Kama majibu yalisema HER2 ipo kuna dawa ya trastuzumabu, ni ghali, na moyo unapimwa kila miezi michache wakati uko nayo, ulizia bima mapema.

Ile limfoma niliyosema

Inatokea kwenye gamba linalozunguka silikoni, hasa zile zenye mikwaruzo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilianza kuitangaza mwaka 2011, na Julai 2019 kampuni ya Allergan ikaondoa sokoni zake zenye ganda la BIOCELL dunia nzima. Dalili yake mara nyingi ni titi moja kuvimba ghafla kwa maji miaka mingi baada ya kuwekewa, pengine nane au kumi, bila kuumia wala kuanguka. Hapo kosa ambalo linaweza kufanyika ni mtu kunyonya maji kwa sindano akayamwaga. Maji yale yapelekwe maabara, na kwenye karatasi iandikwe wapime seli na CD30, ile alama ya hiyo limfoma. Ikiwahiwa, tiba ni kutoa silikoni na gamba zima bila kuliacha kipande, na wengi wanapona kwa hilo tu bila kemo. Kama una silikoni ya mikwaruzo na huna dalili yoyote, hushauriwi kukimbilia kuitoa, we jikague tu.

Hela na watu wa nyumbani

Bima, kama ni NHIF au nyingine, nenda ofisini kwao uulize kwa maandishi. Tofauti inayokuja ni kwamba kutibu kansa ni jambo moja na kurekebisha urembo ni jambo lingine, kwa hiyo kama silikoni inatolewa kwa sababu ya kansa daktari aandike hivyo waziwazi, "inatolewa kama sehemu ya matibabu ya saratani", sio aandike tu kutoa silikoni. Sentensi hiyo moja inaweza kuwa tofauti ya bili kubwa. Huna bima na huna hela, ustawi wa jamii wa hospitali wapo kwa kazi hiyo, nenda mwanzoni kabla deni halijakua, na barua ya serikali ya mtaa mkononi.

Kuhusu kumwambia mume au mama, sikulazimishi. Lakini chagua mtu mmoja tu, dada, wifi mnayeelewana, rafiki, ajue kila kitu, awe na picha ya kadi yako na ya majibu kwenye simu yake. Siku una homa ya 39 hutakuwa na nguvu ya kueleza, yeye ndo atasema pale mapokezi.

Ukimaliza

Utarudi kliniki kila miezi michache mwanzoni, halafu mara moja kwa mwaka na mamogramu, na kama silikoni bado ipo upande wowote bado unapigwa zile za kusukuma, usiseme hayo yalishapita. Kama yako imejazwa silikoni yenyewe na sio maji ya chumvi, ushauri wa Marekani ni kuiangalia kwa altrasaundi au MRI miaka mitano au sita baada ya kuwekewa kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, maana inaweza kupasuka ndani usijue. Jikague mwenyewe kila mwezi, upande uliotibiwa, wa pili, makwapani, na juu ya kovu. Kipele kigumu juu ya kovu usikipe mwezi. Na ukihamishwa kikazi, Singida, Mwanza, popote, omba nakala ya faili kabla hujafunga mizigo, patholojia, ripoti ya upasuaji, dozi ya mionzi uliyopigwa na upande gani, na stika ya silikoni kama uliwekwa mpya.